Jambazi wa Nusu ya Kwanza

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Mikate aliingia sinema kila Jumamosi, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuona filamu ikiisha. Si kwamba zilimchosha. Alikuwa muoka mikate, na muoka mikate huamka saa nane za usiku kukanda unga wakati sisi wengine tunageukia upande wa pili na kuvuta shuka. Filamu za majambazi zilianza saa moja jioni. Saa mbili taa ziliwashwa kwa mapumziko, watu wakatoka kununua karanga, naye akavaa kofia yake, akasema, "Basi, mimi nimeshiba," akaenda kulala. Tulimwita Mzee tangu hajaota mvi hata moja, kwa heshima ya mkate.

Sasa fikiria mwenyewe filamu ya majambazi ina nini katika nusu ya kwanza. Kijana anashuka melini na kifurushi, yeye na kaka yake. Lugha ya pale hajui. Mwenye nyumba anamkagua kuanzia viatu hadi kofia, anamwambia chumba kimeshachukuliwa. Polisi anamwita mla vitunguu. Kijana anavumilia, anauza barafu, anapata mkokoteni, anapata mikokoteni kumi, anashona suti. Wenzake wa kwao wakionewa wanamwendea yeye. Anawasikiliza ameketi, anatikisa kichwa, na kesho yake aliyewaonea anakuja kuomba radhi mwenyewe, tena na zawadi. Mama mtu analia kwa furaha. Mapumziko.

Yanayofuata baada ya karanga, yaani marafiki kuchongeana, kaka kumuuza kaka, na mwenye suti kuanguka kifudifudi ngazini akiwa na matundu kumi na moja kifuani, hayo Mzee Mikate hakuyajua kabisa. Kwake yeye filamu za majambazi zilikuwa visa vya wahamiaji wachapakazi.

Tena alijitangaza kuwa mjuzi wa filamu. Jumapili asubuhi, foleni ya mkate ikiwa imefika barabarani, alizichambua filamu huku akifunga mikate kwa gazeti. Alizigawa mafungu mawili tu: filamu ambazo jambazi ana mama, na filamu ambazo jambazi hana mama.

"Ile ya wauza barafu ndiyo filamu," alisema. "Jamaa ana mama, mama ana jiko, jikoni kuna sufuria imebonyea. Unamjua katoka wapi. Lakini ile ya juzi? Jamaa anatokea gizani tu, meno nje, anaongea kama ana jiwe mdomoni. Kwao wapi? Shangazi yake nani? Hakuna. Katengenezwa achukiwe, basi. Hela yangu imeliwa bure."

"Mzee, nipe mkate, nachelewa kazini."

"Chukua. Lakini ukiona jambazi hana mama, ujue aliyeitengeneza hajawahi kula na watu wale meza moja."

Watu walichukua mikate yao, wakageuka, wakakonyezana. Mimi pia nilikonyeza. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikichora mabango ya sinema ile, na katika kisa hiki mwenye makosa ni mimi. Mniruhusu tu nijitetee kidogo kwanza, kama afanyavyo kila mwenye makosa.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Meneja alinisimulia filamu kwa sentensi tatu, huku mkono mmoja umeshika simu. Picha iliyokuja na filamu ilikuwa ndogo, nyuso zenyewe kama punje za maharage, na bango langu lilikuwa na urefu wa milango miwili. Kwa hiyo nilihitaji uso wa mtu hai wa kutazama. Kwa polisi nilimtumia shemeji yangu, mkata tiketi, ambaye Mungu alimpa taya akasahau mengine. Kwa mpenzi wa jambazi nilimtumia mke wangu, mpaka siku alipojiona barabarani amevalishwa kigauni chekundu akasema biashara hiyo imeisha. Kwa jambazi mkuu, mwaka hadi mwaka, nilimtumia Mzee Mikate.

Saa nne asubuhi mikate imekwisha, tanuri linapoa, alikuja kwenye chumba changu nyuma ya sinema akaketi juu ya kreti. Kwa kuwa alikuwa macho tangu usiku wa manane, kope zilimshuka nusu. Huwezi kuyanunua macho yale. Mtu anayesinzia na mtu aliyekwisha kuamua nani auawe leo hutazama namna moja. Mimi nilimwongezea kofia, sigara, pua kidogo, na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni.

"Hili kovu la nini, Fundi?" aliniuliza bango la kwanza lilipokauka.

"Ndiyo desturi ya filamu hizi, mzee wangu."

"Na huyu mkubwa kuliko wote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Basi mimi ndiye steringi."

Akaenda zake ametuna. Na steringi, kila aliyewahi kukaa sinema hata mara moja anajua, hafi. Risasi zinampitia huku na huku, anapangusa vumbi, anaendelea. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Haya, utetezi wangu umeishia hapo, kwa sababu zile kope zilikuwa kisingizio. Mzee Mikate alikuwa mtu wa mpakani, na katika mji wetu ukishasema hivyo umemaliza. Watu wa mpakani, tulisema, wanakuuzia upepo: tazama mkate wao, matundu matupu. Tulisema hivyo tukiwa tumeushika mkate wake, mdomo umejaa. Baiskeli ikiibwa, polisi walianzia kwake, wakafungua hata tanuri kuangalia kama imo. Ofisa mmoja aliinama mno akatoka hana nyusi. Na alipofika mjini kijana, kabla hajawa Mzee wa chochote, alinyimwa vyumba vitatu asubuhi moja. Vyote vimechukuliwa, aliambiwa, na jioni alivipita vyote bado vina kibao cha kupangisha mlangoni. Alinisimulia hayo akicheka hadi machozi. Ndiyo maana kila ilipofika sehemu ya mwenye nyumba, filamu yoyote ile, yeye peke yake alipiga makofi ukumbi mzima. Sisi tulidhani ameota.

Kwa hiyo Meneja aliposema, "Nichoree jambazi," mkono wangu ulikwenda kwake moja kwa moja, hata haukuniuliza. Mtaani palikuwa na wasinziaji chungu nzima: mlinzi wa ghala, fundi saa, hata baba mkwe wangu, ambaye angesinzia amesimama. Sikumwita hata mmoja wao.

Na bado, sijui nilieleze vipi hili, alikuwa rafiki yangu wa kweli. Baada ya kuchorwa tulikunywa chai pale kwenye kreti, akanikatia ncha ya mkate, ile kavu, ambayo kwake hakupewa mtu ila wa nyumbani. Mke wangu alipolazwa hospitali, mkate ulikuwa mlangoni kwangu kila alfajiri, siku thelathini na mbili, bila yeyote kutamka neno. Nilimpenda mtu huyu, na nilikuwa nikimtundika barabarani kama mwuaji mara mbili kwa mwezi.

Mwishowe magoti yakamkataa. Binti yake, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, akashika tanuri, na Jumatatu moja Mzee Mikate akaja chumbani kwangu akiwa amelala usiku kucha kwa mara ya kwanza maishani. Macho yalikuwa wazi kabisa. Nilishtuka kuona yana rangi ya kahawia.

"Fundi," akasema, "sasa nalala nitakavyo. Jumamosi naangalia mpaka mwisho."

Jumamosi ile walikuwa wanairudisha ileile ya wauza barafu, na juu ya mlango wa sinema lilikuwa likining'inia bango langu, yeye na kofia na kovu lake, mkubwa kama milango miwili.

"Nusu ya pili haina kitu, mzee wangu," nikamwambia. "Wanakula, wanazeeka. Hayo tu."

"Ndiyo ninayotaka kuiona. Miaka yote hii najiuliza yule kijana anazeeka vipi."

Wiki hiyo sikulala. Nilichoogopa si filamu, filamu ni kitambaa na taa. Niliogopa aketi pale, ahesabu mwenyewe, ajue uso wake nimeufanyia nini miaka ishirini na miwili, kisha asiniketie tena kwenye kreti lile. Nikamwendea Meneja, nikamwomba aweke filamu ya mapenzi. Akaniuliza kama nimeanza kunywa asubuhi. Nikamwendea shemeji yangu, nikamwomba mapumziko yakifika atangaze mashine imeharibika. Shemeji akakubali kwa sharti kwamba bango lijalo nimpunguzie taya. Nikamwahidi taya la malaika. Lakini Jumamosi ilipofika, Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine mwenyewe, amekunja mikono, na shemeji akapita mbele yangu akitazama dari.

Mzee Mikate alikuja amevaa koti lake la harusini, akaketi kando yangu. Kwenye sehemu ya mwenye nyumba alipiga makofi, peke yake kama kawaida. Taa za mapumziko zilipowaka, safu nzima ilinyanyua miguu ili apite, kwa mazoea, naye hakupita. Watu wakabaki miguu juu. Muuza karanga, ambaye hakuwahi kumwuzia hata kifuko kimoja, alimtazama kama aliyemwona mzuka.

Kisha taa zikazimwa, nikaanza kumtazama yeye badala ya filamu. Mwanzoni alitabasamu. Kaka mtu alipokwenda kwa siri kituoni, akasema kwa sauti, "Huyu anakwenda kufanya nini?" Mwenye suti alipokuwa anapanda ngazi za mwisho, akasema, "Usiingie humo, mwanangu." Nyuma yetu mtu akamwambia anyamaze. Polisi, yuleyule wa vitunguu, akatokea juu ya ngazi, akafyatua. Mara kumi na moja. Mwenye suti akaporomoka na kofia yake ikabingirika mpaka chini.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Ulikuwa ukilipuka hivyo kila mara, hata mimi nilikuwa nikipiga makofi sehemu ile. Usiku ule mikono nilikuwa nimeikalia. Mzee Mikate akageuka taratibu, akawatazama waliokuwa wakishangilia, safu kwa safu. Wote walikuwa wateja wake.

Nje alisimama chini ya bango, kichwa juu. Nikasimama kando yake.

"Kafa," akasema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na yule muuza maua wa mwaka ule?"

"Naye."

"Yule wa gatini, mwenye mbwa?"

"Alichomwa ndani ya ghala. Mbwa alipona."

"Wote wale? Ulionichorea wote?"

"Mmoja alifungwa maisha," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kama ninayetoa habari njema.

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo steringi ni nani?"

"Polisi."

"Huyu aliyemwita mla vitunguu?"

"Huyuhuyu."

"Na hakuna mahali anaomba radhi?"

"Filamu iliisha, mzee."

Watu walitupita wakitoka, wengine wakamgusa bega wakamwambia, "Leo umekesha!" Akawajibu wote kwa adabu. Walipokwisha kupita, akavua kofia, akajipepea.

"Nimekuwa nikiwaambia watu ujinga," akasema. "Ile ya asiye na mama nilikuwa naitukana, kumbe ile angalau inanichukia mchana kweupe. Hii imenipa mama, ikanipa jiko na sufuria, nikaingia nikakaa kama kwangu, kumbe inanipeleka ngazini. Wanakuonea huruma kwanza ili kukuua kuwe na utamu."

Akanigeukia kwa yale macho mapya.

"Sasa wewe, Fundi. Ulipokuwa unanichora, ulikuwa unachora nusu ipi?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, umenyooka, kuhusu kope na mwanga wa dirishani. Lakini alikuwa na koti la harusini, nami nilikuwa nimechoka.

"Ya pili," nikasema.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unatoka mpakani."

Akavaa kofia yake akaenda, akichechemea kidogo, na sikumfuata. Jumapili sikwenda kununua mkate, nilimtuma mke wangu. Akarudi na mkate na habari kwamba Mzee hayupo dirishani na foleni inakwenda haraka ajabu. Mke wangu akaniuliza nimemfanya nini. Nilipomweleza, akaweka kikombe chini, akasema alijua tangu kile kigauni chekundu kwamba nikipewa rangi sina haya.

Jumanne saa nne mlango ukagongwa. Alikuwa ni yeye, kabeba kwapani kioo chake cha kunyolea ndevu. Hakunisalimu. Akakisimamisha kioo juu ya kreti, akavuta kiti changu, akaketi mimi nikiwa wima.

"Filamu ya wiki hii ni ya nini?"

"Mkuu wa genge la majambazi, anaitawala bandari."

"Ana mama?"

"Meneja hakusema."

"Mchore. Huyo hapo kiooni. Kofia, sigara, kovu, usipunguze kitu."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka, basi nikachukua brashi.

Uso wake nilikuwa nikiumaliza chai haijapoa. Wangu ulinichukua siku tatu. Kofia niliiweka, nikaonekana ninakwenda kumtembelea mgonjwa. Sigara, nikaonekana baba wa watu anapumzika baada ya kazi. Kovu nililihamisha mara nne, na kila nilipolipeleka nilionekana nimeumia nikimwokoa mtu motoni. Nikashusha kope: nikawa mtu mwenye mawazo mazito. Nikajaribu meno, nikatabasamu. Mzee Mikate alikuja kila siku saa nne, akaketi, akatazama bila kupepesa.

"Ongeza ubaya," alisema siku ya tatu.

"Nimeutafuta, mzee wangu. Sijui niuongeze wapi."

"Kwangu uliuona wapi?"

Nilitazama kioo, nikamtazama yeye, nikatazama kioo tena. Nilikuwa nimeuchora uso ule mara mia kadhaa na nilijua kila mstari wake, na sikuweza kumwonyesha hata sehemu moja. Niliona haya, haya za kweli, za kupandisha joto masikioni. Nikachukua nyeusi, nikaongeza kivuli chini ya macho mpaka nikaridhika kwamba, nikikutana na mtu huyu kichochoroni, nitampa saa yangu. Mzee Mikate akalitazama bango muda mrefu. "Hapo sawa," akasema. "Huyo ni jambazi."

Ijumaa asubuhi tukalitundika. Shemeji alikuwa amenuna kwa ajili ya taya lake, hakuja, hivyo Mzee Mikate ndiye aliyenishikia ngazi, na magoti yake yale. Nilikuwa juu kabisa nafunga kamba ya mwisho fundi saa alipopita na mkate mkononi. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka kiganja juu ya macho.

"Fundi!" akaniita. "Safari hii polisi umempatia. Uso wa mtu wa haki kabisa, hata kofia imemkaa. Sasa jambazi yuko wapi?"

Kabla sijajibu, akateremsha macho akamwona aliyeshika ngazi, akapiga paja.

"Aa, kumbe yupo! Hujamaliza kumchora tu."

Mzee Mikate aliinua uso akanitazama, akangoja.

"Hapana," nikasema. "Jambazi ni huyo uliyemwona. Ni mimi."

Fundi saa akacheka, akashika ukuta. Nikarudia, kwa sauti, barabara nzima isikie, kwamba jambazi wa mji huu ni mimi, kwamba uso nimeuchora mwenyewe, kwamba kovu ni langu. Muuza karanga naye akasimama, na mlinzi wa ghala, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kujishika mbavu.

"Wewe?" akasema fundi saa, akijifuta machozi kwa ncha ya gazeti la mkate. "Acha utani, bwana. Wewe si wa hapahapa?"

Nikabaki juu nimeshika kamba, na nilishindwa kabisa kutazama chini. Mzee Mikate hakuiachia ngazi.